Kabla ya kufyeka makaburi ya kale, tuandike kwanza waliolala humo

Ndugu Mhariri,

Tupeni nafasi katika ukurasa wa barua tuseme habari ya makaburi ya kale ya huku kusini, kuanzia Mikindani na Lindi mpaka Kilwa Kivinje. Kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia, na kwa upande wa Wakristo kila ikaribiapo tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, watu hutoka na mapanga, majembe, ndoo za chokaa na mifuko ya saruji kwenda kusafisha makaburi. Nia ni njema na thawabu yake ni kubwa. Lakini kazi hiyo ikifanywa bila daftari, jina lililostahimili mvua na chumvi ya bahari kwa miaka mia moja hufutika asubuhi moja tu, tena mikononi mwa mtu aliyekuja kuliheshimu.

Ombi letu ni moja: kalamu itangulie panga. Kaburi liandikwe kwanza, lisafishwe baadaye.

Msomaji akisikia habari za mashuhuri na makaburi yao, mara nyingi huwaza Kinondoni, Dar es Salaam, ambako Eduardo Mondlane alizikwa mwaka 1969 kabla ya mabaki yake kuhamishiwa Maputo. Kusini nako tunaye Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin William Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, tarehe 12 Novemba 1938, akafariki tarehe 24 Julai 2020 na kuzikwa hapohapo Lupaso siku tano baadaye. Wasifu wake hauna shida ya kupatikana. Alikuwa mhariri wa magazeti kabla hajawa waziri, na daraja la Rufiji lililofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa meta 970, lina jina lake. Kila basi la Mtwara na Lindi liendalo Dar es Salaam kwa njia ya pwani hupita juu yake.

Wanaotutia wasiwasi ni wengine. Chukueni mfano wa Boheti bin Amrani. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Takribani tani 225 za mifupa zilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini kwenda Berlin, na mpaka leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa huko katika makumbusho, kimo chake kikizidi meta 13. Wachimbaji walifikia mamia. Msimamizi wao mkuu, mtu aliyejua kuutambua mfupa ungali ardhini na kuutoa bila kuuvunja, alikuwa huyo Boheti. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Sayansi ya dunia inamkumbuka, nasi vijana wetu wa Lindi wakiulizwa habari zake hubaki kutazamana. Watu wa aina hiyo, mafundi, manahodha, walimu wa chuo cha Kurani, wakunga, manyapara wa mashamba ya mkonge, ndio wamejaa katika makaburi tunayoyafyeka, na wasifu wao unaanza na mstari mmoja ulioandikwa kwenye jiwe. Mstari huo ukipotea, hakuna pa kuanzia.

Sasa tueleze jinsi ya kuusoma mstari huo, maana makosa mengi huanzia hapo.

Kwanza ni mwelekeo wa kaburi. Makka ipo nyuzi 39.8 za longitudo ya mashariki. Lindi ipo nyuzi 39.7, na Mtwara 40.2. Kwa hiyo kibla chetu, yaani upande wa Makka, ni kaskazini karibu kabisa, na ndiyo maana mihrabu ya msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ipo ukuta wa kaskazini. Maiti wa Kiislamu hulazwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, basi kichwa chake kwetu huwa mashariki na miguu magharibi. Kwa desturi ya kale ya Kikristo kichwa huwa magharibi na miguu mashariki, ili marehemu atazame macheo. Matokeo yake ni kwamba matuta ya dini zote mbili hapa kwetu yanalala mstari uleule, mashariki kwa magharibi, na mtu anayekisia dini ya marehemu kwa kutazama tuta peke yake hukosea. Angalieni jiwe la kichwani lipo ncha ipi. Kama mawe yapo ncha zote mbili, pimeni kimo cha kila moja na kuandika vyote viwili, bila kuamua papo hapo.

Pili ni tarehe, na hapa tunaomba subira ya wasomaji. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo haitoshi kujumlisha 622. Chukua mwaka wa Hijria, uugawe kwa 33, toa jibu hilo kwenye mwaka wenyewe, kisha jumlisha 622. Mfano: 1323 ukigawa kwa 33 unapata 40, 1323 ukitoa 40 inabaki 1283, jumlisha 622 unapata 1905. Ndio mwaka Vita vya Maji Maji vilipoanza. Hesabu hii inaweza kukosea kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka wa Hijria hukatiza miaka miwili ya kawaida, hivyo ni vizuri kuandika daima mwaka ulioko kwenye jiwe kama ulivyo, na hesabu pembeni.

Tarakimu za Kiarabu zina mitego yake. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, ingawa maandishi yenyewe huanzia kulia. Tano yake inafanana na sifuri yetu, sita yake inafanana na saba yetu, mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja dogo la juu. Sifuri ni nukta tu, nayo ndiyo hufutika mapema kuliko tarakimu zote. Jiwe la mwaka 1209 na jiwe la mwaka 1290, nukta zikishaliwa na chumvi, yote mawili husomeka 129. Dawa ni kutazama nafasi: katika 1209 utaona pengo kati ya mbili na tisa, pana kuliko pengo kati ya moja na mbili. Katika 1290 tarakimu tatu zimekaa pamoja na upande wa kulia umebaki mtupu. Pitisha ncha ya kidole pole pole kwenye pengo. Mara nyingi kishimo cha nukta bado kipo hata kama jicho halikioni.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo na makaburi yaliyokuwapo kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye hulindwa pale tu waziri anapoyatangaza. Mwaka 1209 ni 1794 au 1795, ndani ya ulinzi. Mwaka 1290 ni 1873, nje. Nukta moja inaweza kuamua kama kaburi litapitiwa na barabara au la. Ipo pia sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha makaburi kwa ajili ya shughuli za umma, nayo inataka taarifa itolewe na kazi ifanywe kwa heshima. Taarifa hiyo atapewa nani, ikiwa kaburi halina jina wala ukoo popote?

Miezi nayo wazee wetu huihesabu kwa mfungo. Mfungo Mosi ni Shawali, Mfungo Nne ni Muharamu, Mfungo Sita ndio mwezi wa Maulidi, na hesabu huishia Mfungo Tisa kabla ya Rajabu. Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na mabradha wawili na masista wawili huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, tarehe 14 Agosti 1905; kwa hesabu ya pwani ilikuwa Mfungo Tisa wa mwaka 1323. Ukiziweka hesabu hizi mbili pamoja, kumbukumbu za misheni na simulizi za wazee wa Kiislamu kuhusu vita vile huanza kuungana. Kumbukeni pia kwamba siku kwa hesabu ya pwani huanza jua linapozama. Aliyefariki saa mbili usiku siku ya Alhamisi huandikwa kafariki usiku wa Ijumaa, na kitabu cha serikali kitasema Alhamisi. Wote wamesema kweli.

Katika makaburi ya Wahindi mtakuta maandishi ya Kigujarati, na pengine mwaka wa Samvat, yaani wa kalenda ya Kihindu. Katika huo toeni 56. Kama kifo kilitokea baada ya Diwali na kabla ya Januari, toa 57. Msikisie majina yao. Pigeni picha na kumpelekea anayejua kuyasoma.

Tarehe ikikosekana kabisa, ulizeni tukio. Huku kwetu watu hukumbuka Maji Maji ya 1905 hadi 1907, vita vya Wajerumani na Waingereza, ambavyo pigano lake kali la Mahiwa lilikuwa tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, mradi wa karanga wa 1947 hadi 1951, kimbunga cha Aprili 1952, na watu kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970. Tukio hili la mwisho ndilo lililowatenga watu wengi na makaburi ya mababu zao, kwa hiyo mahame yaliyo porini nayo yaingie daftarini, hata kama alama iliyobaki ni mbuyu na vigae vichache.

Jina lenyewe halitoshi. Jiwe linasema fulani bin fulani, yaani baba. Lakini Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Mkiandika baba peke yake mmeandika nusu ya ukoo, na kwa kawaida ni ile nusu ambayo simulizi haziifuati. Tena mtu mmoja alikuwa na majina kadhaa: la utotoni, la jando au unyago, la dini, na la kazini lililoandikwa kwenye kipande, yaani kadi ya kazi. Jiwe hubeba la dini. Wazee humjua kwa la jando. Kitabu cha mwajiri kina jina la tatu. Ukiona watu watatu walioishi mtaa mmoja, wakafanya kazi moja na kufa mwaka mmoja, jiulize kwanza kama si mtu mmoja.

Kosa jingine ni kuchanganya mahali pa kifo, mahali pa kaburi na mahali pa kumbukumbu. Livingstone alishuka Mikindani Machi 1866, lakini alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Moyo wake ulizikwa hukohuko, na mwili wake ukazikwa London mwaka 1874. James Chuma, Myao, mmoja wa walioubeba mwili huo mpaka pwani, alifariki Zanzibar mwaka 1882. Kilwa Kivinje kuna nguzo yenye majina ya Wajerumani wawili, Krieger na Hessel, waliouawa Septemba 1888 pwani ilipokataa kutawaliwa na kampuni yao. Katika mji huohuo Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa mwaka 1895, na mahali hapo paliitwa Mwembe Kinyonga. Nguzo ni kumbukumbu, mwembe ni mahali pa kifo. Daftari liwe na visanduku vitatu tofauti, na kisanduku kisicho na uthibitisho kibaki wazi.

Tuje kwenye usafi. Nyasi zikatwe kwa mkono, sentimita tano juu ya ardhi, zisichomwe moto. Moto hupasua mawe ya matumbawe na kuyageuza unga. Mti uliomea ndani ya kaburi msiung'oe, kwa sababu mizizi imeshikana na ukuta na itatoka nao. Ukateni usawa wa ardhi, na machipukizi myakate tena kila baada ya miezi miwili mpaka kisiki kife. Jiwe lenye maandishi lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na brashi laini ya nyuzi. Brashi ya waya, msasa, sabuni ya unga, dawa ya kung'arisha nguo na maji ya betri ni marufuku. Kuvu likigoma, lilowesheni, lisubirini nusu saa, kisha likwangueni kwa kijiti cha mwanzi. Likizidi kugoma liacheni. Kuvu halifuti jina kwa kasi ya brashi ya waya. Wala msipake chaki kwenye herufi ili zionekane, kwani anayepaka huwa ameshaamua herufi ni ipi, na anayekuja baada yake husoma uamuzi wake.

Badala ya chaki tumieni jua. Bamba lililolala chini lisomeni saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, mwanga ukija ubavuni. Jiwe lililosimama likitazama mashariki huonekana vizuri karibu na saa tano na nusu, jua linapokwaruza uso wake kutoka juu. Linalotazama magharibi, karibu na saa saba na robo. Kwenye kivuli tumieni tochi ya simu ya pili, ishikwe pembeni karibu na jiwe, huku simu ya kwanza ikipiga picha bila mwako wake. Mwako unaotoka mbele huziba vivuli vya herufi, na jiwe likatoka kama ukuta mtupu. Katika kila picha wekeni rula na kikaratasi chenye namba ya kaburi.

Na fagio lisimamiwe. Katika makaburi ya karne ya 14 na 15 ya Songo Mnara, wachunguzi walikuta vijiwe vyeupe na sarafu zilizowekwa juu ya makaburi kwa makusudi. Vijiwe, bakuli la kauri, chupa iliyofukiwa mdomo chini, kombe la bahari: vyote ni sehemu ya kaburi, na pengine kwa maskini ndiyo alama pekee aliyowekewa. Mwenye fagio huviona ni takataka. Viandikwe, vipigwe picha, vibaki palepale.

Ukarabati ndio unaoumiza kuliko yote, kwa sababu hufanywa kwa gharama na kwa mapenzi. Kaburi la matumbawe likipigwa lipu ya saruji hung'aa miaka michache. Unyevu wenye chumvi hupanda kutoka ardhini, unakuta saruji imeziba njia, unakauka nyuma yake, chumvi inaganda na kuvimba, na siku lipu inapobanduka inaondoka na uso wa jiwe pamoja na maandishi. Tumieni chokaa. Chokaa ya kuchoma, ikishazimwa kwa maji, ilale shimoni ikiwa imefunikwa na maji kwa wiki nne angalau. Ikikaa miezi mitatu ni bora zaidi. Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu. Meta moja ya mraba kwa unene wa sentimita moja hula lita 10 za mchanga na lita tatu hivi za chokaa. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni una chumvi, na hata ukioshwa mara mbili bado ukiuonja kwa ulimi utaisikia. Lowesheni jiwe la zamani kabla ya kupaka, msizidishe sentimita moja kwa kila tabaka, na funikeni kwa magunia mabichi siku saba, mkinyunyiza maji asubuhi na jioni. Ikikauka upesi kwa jua la Lindi itapasuka nyufa. Juu ya herufi msipake kitu chochote, iwe chokaa au rangi.

Daftari lenyewe halina gharama. Daftari la kurasa 96, penseli, maana wino huyeyuka kwa jasho na mvua, futikamba ya meta 30 na simu mbili. Watu watatu, mmoja akisoma, mmoja akiandika, mmoja akipiga picha. Choreni ramani kwanza, mkianzia kitu kisichohama kama pembe ya msikiti au kanisa, na kila kaburi lipate namba, hata lisilo na jiwe. Maandishi yanakiliwe mstari kwa mstari kama yalivyo, makosa ya tahajia yakiwemo. Palipofutika wekeni vistari, msijaze kwa kukisia. Mkimaliza, someni kwa sauti mbele ya wazee wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Wakisikia pamoja, wa pili humfuata wa kwanza kwa heshima. Kisha linganisheni na vitabu vya mazishi vya parokia. Nakala tatu zitoke: moja msikitini au kanisani, moja ofisi ya kata, moja maktaba ya mkoa.

Tunawaomba viongozi wa kamati za misikiti, mabaraza ya walei na halmashauri za Mtwara na Lindi wafanye hivi kabla ya usafi unaokuja. Nanyi, Mhariri, tengeni safu ndogo kila wiki, maneno 300 na picha moja, kwa kaburi moja tu: namba, maandishi yake kama yalivyo, kisha maisha ya mwenyewe kadiri yalivyothibitishwa na watu wawili, na mwisho swali moja kwa wasomaji kuhusu kile kilichokosekana. Safu ya kwanza tungependa iulize habari za Boheti bin Amrani na wenzake wa Tendaguru, na majibu yaletwe pamoja na jina la kijiji, ukoo wa mama na mahali alipolazwa kila mmoja.

Wasomaji wenu,
Mikindani, Mtwara